Aliyesema "Ni Mimi"

Wakili alitushauri tuje mahakamani na nguo za kawaida, zilizochakaa kidogo ikiwezekana, ili hakimu aone sisi ni watu wa chini na moyo wake ulainike. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana nimefunzwa adabu. Lakini siku yenyewe ilipofika nikavaa gauni langu la buluu, lile ninalolitoa kabatini kukiwa na harusi, nikafunga kilemba na kujipaka mafuta mpaka nikang'aa. Wifi yangu aliponiona akashika kichwa.

"Wifi! Tunakwenda kumwombea mtoto, hatwendi kwenye sherehe."

"Ndiyo maana nimevaa," nikamwambia. "Nakwenda kumwombea mtoto wa kaka yangu. Siendi kuomba sadaka mimi."

Wifi yangu machozi yake yako karibu. Akikasirika analia, akifurahi analia, na asubuhi ile alikuwa ameshalia ya kutosha. Tukatoka tumeongozana bila kusemeshana.

Mimi ni fundi vioo. Watu hudhani hiyo ni kazi ya wanaume, nami nimechoka kuwasahihisha, kwa hiyo siku hizi nawaacha washangae mpaka washibe. Baba alitufundisha wawili, mimi na kaka yangu. Kaka alipofariki nikabaki na karakana, na wifi, na mtoto mmoja wa kiume ambaye hata kusoma alikuwa hajajua lakini alitembea na futi ya kupimia mfukoni. Alipima meza, alipima mbuzi wa jirani, alipima mguu wangu nikiwa nimelala. Mtaa mzima ukamwita Futi. Sasa ana miaka kumi na tisa, mrefu, mdomo mzito, mkono mwepesi. Nimefundisha vijana wengi kukata kioo na sijapata mwingine kama yeye. Sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Angekuwa mzembe ningekuwa wa kwanza kumtimua.

Fujo zilianza kwa sababu ya maji. Mabomba yalikauka mtaani kwetu tangu kiangazi, lakini bili ziliendelea kuja kana kwamba tunaogelea. Watu wakaandamana na ndoo tupu kichwani, wanaimba, na hata mimi nilisimama mlangoni pa karakana nikapiga vigelegele. Mpaka adhuhuri mambo yalikuwa mazuri. Halafu polisi wakaja na moshi wao wa machozi, watu wakatawanyika, na waliorudi walirudi wamebadilika. Matairi yakachomwa, maduka yakavunjwa. Nikafunga mlango nikakaa ndani, nasikiliza vioo vikianguka barabara nzima. Ukikaa kwenye kazi hii muda mrefu unajua unene wa kioo kwa mlio wake, na kimoja kilipoanguka nikasema moyoni, maskini, kile ni cha duka la dawa. Kilikuwa kioo kikubwa kuliko vyote mtaani. Futi ndiye aliyekiweka mwaka mmoja nyuma, kazi yake ya kwanza kubwa bila mkono wangu.

Alirudi jioni, akanawa uso kwa kikombe kimoja cha maji, akalala bila kula. Nikadhani ni ule moshi.

Kesho yake simu yangu haikupumzika. Kila mwenye duka alitaka kioo, na Mama Dawa naye akapiga. Huyo ndiye mfamasia wetu, mwanamke mkavu, hacheki na mteja. Ukienda kununua dawa ya kichwa atakuhoji kichwa kimeanza lini na umekula nini, kana kwamba umemwibia. Watu walikuwa wamepita kwenye lile tundu la kioo wakabeba kila kitu, hata mizani ya kupimia watoto wachanga.

Tukaenda na kioo kipya, mimi na Futi. Alikuwa kimya kama maji ya mtungi, na kwa vile ndiyo kawaida yake sikushtuka. Tukasafisha fremu, tukapanga mipira ya chini ya kukalia kioo, yeye akashika bomba la silikoni, ile gundi ya vioo. Mama Dawa alikuwa kando na ufagio, anakusanya vipande. Mara Futi akasimama wima.

"Mama," akamwambia, "kioo chako nilivunja mimi."

Nilicheka. Kweli tena, nilicheka.

"Wewe, acha utani na watu wenye msiba."

"Si utani, shangazi. Ni mimi. Vitu sikuchukua, lakini walioingia walipita nilipovunja."

Mama Dawa hakupiga kelele, hakumtukana. Akaegemeza ufagio ukutani, akachukua simu yake, akaita polisi, mbele ya macho yangu.

Nilimchukia yule mwanamke, siwezi kuficha. Mtoto amekuja kwa miguu yake, amefungua mdomo wake ambao hata salamu huitoa kwa kubana, na wewe unampigia simu polisi? Angalau ningepewa nafasi ya kumchapa mimi kwanza! Walipomchukua nilibaki na kioo kimeegemea ukuta na fremu iko wazi. Mpita njia mmoja akaniambia, "Mama, muachie kioo chake akiweke mwenyewe, si mjanja?" Nikamwambia ashike upande ule na afunge mdomo. Kazi ya watu haiachwi nusu. Nikakipandisha, nikapiga silikoni, nikakifuta mpaka ukawa huoni kama pana kioo. Kingo zimenyooka, nendeni mkaone. Nikabeba vifaa vyangu nikaondoka bila kumuaga.

Futi alikiri kituoni na akakiri tena mahakamani, kwamba alishiriki fujo na kuharibu mali ya mtu kwa makusudi. Ilibaki adhabu tu, na hapo ndipo moto ulipokuwa. Vijana wawili waliokamatwa barabara ileile wakikimbia walishafungwa miaka mitatu kila mmoja. Miaka mitatu! Kijana anaingia gerezani na ufundi wa vioo, anatoka na ufundi mwingine kabisa, na huo haufunguliwi karakana.

Wakili tuliyepangiwa alikuwa binti mdogo, viatu vinampwaya. Siku ya kwanza nilidhani ni karani nikamuuliza wakili yuko wapi. Hakukasirika, na hilo nililiweka moyoni. Alitukutanisha na Futi mahabusu, kwenye chumba chenye meza moja iliyofungwa kwa nondo sakafuni, mimi na wifi upande mmoja, yeye na Futi upande wa pili.

"Utasema ulifuata mkumbo," akamwelekeza. "Umri mdogo, wenzako walikusukuma, hukujua unachofanya. Mahakimu wamelizoea hilo, wanalielewa."

"Lakini nilijua," Futi akasema.

"Mwanangu, sema tu," wifi akamsihi. "Maneno hayavunji mfupa."

"Mama, sikufuata mtu. Wenzangu walikuwa wameshapita. Nilirudi nyuma peke yangu."

Wakili akauliza alirudi kwa nini. Futi akatazama viganja vyake mpaka nikataka kumfinya.

"Polisi mmoja alinizaba kofi mbele za watu, nikiwa sijafanya kitu. Nikatamani kuvunja. Na pale barabarani kila kitu kilikuwa cha watu. Kile kioo nikakiona kama changu, kwa sababu nilikiweka mimi. Nikasema, angalau nivunje cha kwangu." Akafumba viganja. "Kilipoanguka ndipo nikakumbuka si changu."

Wifi alimwona ameingiwa na wazimu. Mimi nilimwelewa mara moja. Ukoo wetu una hasira za kijinga namna hiyo. Baba yangu aliwahi kutukanwa na mteja, akarudi nyumbani akavunja dirisha letu wenyewe, tukalala na baridi wiki nzima huku yeye ndiye fundi.

"Hilo hatuwezi kulisema," wakili akasema taratibu. "Mwendesha mashtaka atatumaliza nalo."

Basi wifi akanigeukia, machozi yanamtiririka. "Mwambie wewe. Wewe ndiye anakusikiliza."

Na ni kweli. Neno langu moja tu na Futi angesema chochote, angesema hata kwamba alisukumwa na mbuzi. Wote watatu wakanitazama. Nikaiona ile miaka mitatu imesimama mbele yangu, na nikajua nikikosea sitamlaumu hakimu, na wifi hatamlaumu hakimu.

"Mimi simwambii aseme uongo," nikasema. "Akitoka kwa uongo atarudi karakanani kwangu, na nitamtazamaje? Sema ulichofanya, mwanangu. Kitakachokuja tutakibeba."

Wifi hakunisemesha tena mpaka asubuhi ile ya gauni la buluu.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia, na madirisha yake, nasikitika kusema, yaliwekwa na mtu asiyejua kazi. Mabenchi yalijaa. Mtaa wote ulikuja, wengine kwa huruma, wengine kwa umbea. Mwenyekiti wa mtaa alikaa benchi la tatu, amependeza. Huyo ndiye aliyekuwa amemwahidi wakili kuwa shahidi wa tabia njema ya Futi na hata kumsimamia ikibidi. Mama Dawa alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkoba mapajani. Nilimkata jicho, yeye akatazama mbele.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mwenye sauti nzuri na aliyejua kuwa anayo.

"Mheshimiwa, mshitakiwa ni fundi vioo. Karakana ya familia yake ndiyo iliyoweka karibu vioo vyote vilivyovunjwa siku ile. Sasa tujiulize, ni nani aliyefaidika na fujo hizi? Huyu si mtoto aliyepotea njia. Ni mfanyabiashara aliyejitengenezea wateja kwa jiwe. Tunaomba adhabu kali iwe fundisho."

"Muongo wewe!" Nilishasimama kabla sijajua. "Muongo, tena usiye na haya!"

Hakimu, mzee mwembamba mwenye kikohozi, akaniangalia juu ya miwani yake. "Mama mwenye gauni la buluu. Ukirudia nitakutoa nje."

"Nimenyamaza, Mheshimiwa," nikasema huku nikikaa. "Lakini ni muongo."

Watu wakacheka. Wifi akanifinya paja mpaka nikaona nyota. Futi, kizimbani, aliinamisha kichwa, na mimi ninayemjua nikaona anazuia kicheko. Mtu anangoja kufungwa na bado ananiona kichekesho!

Kisha yule binti akasimama. Alishika karatasi mbele ya uso kama ngao. Akaisoma mstari mmoja, akaiweka mezani.

"Mheshimiwa, nilikuwa nimeandaa maombi ya kawaida. Kwamba ni kijana mdogo, kwamba alifuata mkumbo. Mteja wangu amenikatalia. Anasema si kweli."

Hakimu akaacha kuandika.

"Hakufuata mkumbo. Alivunja kwa mkono wake na kwa hasira yake, na ni kosa, sitalipunguza. Lakini siku ile walivunja wengi. Waliokwenda kwa mwenye duka wakasema 'ni mimi' ni wangapi? Hapakuwa na shahidi. Hapakuwa na kamera. Jalada lote la polisi limesimama juu ya mdomo wa mshitakiwa mwenyewe. Asingesema, mwenzangu hapa asingekuwa na kesi ya kutuhutubia leo. Anadai kijana alivunja ili auze kioo. Mheshimiwa, mtu anayevunja ili auze hasemi 'ni mimi' huku ameshika silikoni. Angekiweka, akaenda zake."

Alikuwa amesahau kuogopa.

"Wale waliokamatwa wakikimbia wamepewa miaka mitatu. Ukimpa na huyu miaka mitatu, mtaa mzima utajifunza jambo moja tu, kwamba ukikosea, nyamaza. Ninaomba apewe kifungo cha nje na kazi ya kufanya. Anayefuata mkumbo leo, kesho utakuja mkumbo mwingine naye ataufuata. Huyu alisimama peke yake kwenye kosa, na akasimama peke yake kwenye ukweli."

Kale kabinti! Nilitamani kuruka benchi nikambebe mgongoni. Nimewahi kusikia wanaume wazima wenye matumbo makubwa wakihutubia, na hakuna aliyesema hata nusu ya hayo.

Hakimu akamuuliza Futi kama ana la kusema.

"Nilivunja kitu cha yule mama," Futi akasema. "Nikifungwa au nisipofungwa, hilo halibadiliki. Naomba nifanye kazi."

Basi. Hayo tu. Wifi akaziba mdomo kwa khanga, na mimi nikahisi kifua kinapanuka mpaka gauni likanibana.

Hakimu akakohoa, akapekua jalada. "Naweza kufikiria kifungo cha nje. Lakini kijana huyu anahitaji mtu wa kumsimamia, wa kutoa taarifa yake kila mwezi kwa afisa wa ustawi wa jamii. Asiwe ndugu, asiwe mwajiri. Yuko nani?"

Wakili akageuka kumtazama mwenyekiti wa mtaa. Na mwenyekiti wa mtaa, ambaye usiku uliopita alikula kwangu akaomba na nyongeza, alikuwa anachunguza kucha zake. Wakili akamwita kwa cheo chake. Akasema ana majukumu mengi kwa sasa.

Nikasimama.

"Wewe ni ndugu, mama," hakimu akasema. "Kaa."

Sikukaa. Nikawageukia watu. Mimi, ambaye sijawahi kubisha hodi kwa mtu kuomba hata chumvi, nikawatazama mmoja mmoja, watu ambao milango na madirisha yao yamepita mikononi mwangu, nikasema, "Majirani, nawaombeni. Hata mmoja." Wengine waliangalia juu kwenye feni, wengine sakafuni. Sauti yangu niliisikia ngeni. Hakimu akasubiri, akashika kalamu. "Kama hakuna mtu," akaanza kusema.

"Mheshimiwa, mimi si ndugu yake, wala simwajiri."

Ilitoka nyuma. Mama Dawa alikuwa amesimama, mkoba kwapani.

"Wewe ndiye mlalamikaji," hakimu akasema.

"Ndiye mimi. Na sijamsamehe, iandikwe hivyohivyo. Duka langu lilifungwa, na kuna wazee walikosa dawa zao za presha." Alikuwa anaongea kama anavyoongea dirishani kwake, bila kupandisha wala kushusha. "Lakini humu ndani nawaona watu waliobeba vitu vyangu. Yule wa benchi la pili amevaa miwani ya kusomea kutoka kabati langu, bei bado imebandikwa pembeni. Kila siku wanapita dukani, 'pole mama, pole mama.' Aliyekuja akaniambia ni mimi, ni mmoja tu. Na huyo mmoja ndiye mnatafuta wa kumsimamia mnakosa. Nitamsimamia mimi."

Mwanamume mmoja benchi la pili akavua miwani polepole, akaitia mfukoni. Mwendesha mashtaka alifungua kinywa, hakimu akamwonyesha kiganja.

"Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi," hakimu akasema, "na hili sijaliona." Akaandika kwa muda mrefu, huku wifi akinishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mahabusu. Kisha akasoma. Kifungo cha nje, miaka miwili. Kwa muda huo Futi atakarabati madirisha ya shule na zahanati bila malipo, chini ya usimamizi wa mlalamikaji. Akikosea mara moja, anaingia ndani.

Wifi akalia, kama kawaida. Mimi pia nililia, na sikujifuta. Nilijaa fahari. Nafurahi hakufungwa, nisiwe mnafiki, lakini hata wangemtoa pale na pingu ningepita katikati ya mtaa ule kichwa juu nikisema, huyo ni wetu, tazameni vizuri. Nikamshika yule wakili mabega nikamwambia kwamba siku akijenga nyumba asithubutu kumwita fundi mwingine. Akacheka, na alipocheka nikaona kweli ni mtoto.

Nje, Mama Dawa alikuwa anashuka ngazi bila haraka. Ilibidi nimkimbilie. Nilikuwa na maneno mengi, na nilipomfikia yote yakagombania mlango mmoja.

"Dada," nikasema. "Dada, asante. Mimi nilikuwa nimekuchukia."

"Nilijua. Ulifuta kile kioo kwa nguvu mpaka nikakihurumia." Akarekebisha mkoba wake begani. "Usinishukuru. Polisi niliwaita mimi, na yakitokea tena nitawaita tena."

"Najua."

"Jumatatu saa mbili asubuhi awe amesimama mlangoni kwangu. Akichelewa dakika moja naandika kwenye taarifa."

Nikamtazama machoni, fundi kwa fundi.

"Hachelewi," nikamwambia. "Huyo nimemlea mimi."